Pumzi Tatu Mlangoni kwa Sihaba

Katika watu wote waliowahi kutembea nchi za mbali, hakuna mwenye subira kama mimi. Niliwahi kukaa mbele ya chungu cha makande tangu asubuhi mpaka adhuhuri bila kufunua kifuniko hata mara moja. Kusema kweli nilikuwa nimesinzia, makande yakaungua, na wajukuu wakala mihogo ya jirani. Lakini kifuniko sikukifunua. Shuleni vilevile: darasa la nne nililisoma mara mbili, kwa hiyo wenzangu walisoma miaka saba, mimi nikasoma minane. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba habari za nchi ya Vizingitini zimeandikwa na mtu mwenye elimu ya ziada.

Nilifikaje huko? Tuyaache hayo. Njia ni njia, ina vumbi na ina miiba. Nilifika asubuhi ya siku ya soko, ukanda wa kandambili yangu ya kushoto umekatika, naburuta mguu kama kuku aliyeponyoka na kamba yake. Haja yangu ilikuwa moja tu: kandambili mpya.

Mtaa wa maduka wa Vizingitini ni mrefu na safi, ila huoni kinachouzwa. Unaona milango tu. Kila mlango ni mkubwa kuliko duka lililo nyuma yake. Mbao zake ni za mninga, nene kama godoro, na juu ya mbao wamepigilia kioo cha kujitazama, na picha ya mwenye duka akicheka, na picha ya wateja wakicheka, na kengele, na bendera, na maua ya karatasi. Mlango mmoja niliukuta na wapiga zumari wawili walioketi kwenye ubao uliopigiliwa mlangoni kwenyewe. Mlango ukifunguka, nao wanakwenda nao, wanapuliza.

Nikavuta kamba kwenye duka lililochorwa kiatu. Kidirisha kikafunguka, akachungulia bawabu.

"Karibu sana, bibi. Unakubali tukukumbuke?"

"Mnikumbuke kwa lipi, mwanangu? Ndiyo kwanza nafika."

"Lazima ukubali kwanza."

"Haya, nimekubali."

Akaandika, akafunga. Nikamsikia ndani akiuliza, "Nani huyo?" na mwenzake akamjibu, "Sijui, hatujamuuliza." Kidirisha kikafunguka tena. "Karibu sana, bibi. Unakubali tukukumbuke?"

Nilipokubali mara ya pili, mlango ukaanza kulia kwenye bawaba. Pembeni ya kizingiti palikuwa na mwanamume wa makamo ameketi na baiskeli iliyopinduliwa matairi juu. Mara akaanza kuzungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, kwa heshima zote.

"Hilo gurudumu ndilo linalofungua mlango?" nikamuuliza.

"Hapana, bibi."

"Sasa linafanya nini?"

"Linazunguka."

"Kwa faida ya nani?"

"Yako wewe. Ili ujue kuna jambo linafanyika."

Mlango ulikuwa umefunguka upana wa kidole. Kilichotokea kwanza ni kioo, nikajiona. Nilikwisha kujiona mara nyingi kabla ya siku hiyo, na sikuona jipya. Ikafuata picha ya mwenye duka. Sheria yao imechongwa kwenye jiwe pale mwanzo wa mtaa, hata mimi wa miaka minane niliisoma bila taabu: KWANZA PAMBO, KISHA BIDHAA. Mpaka pambo la mwisho likae mahali pake, hakuna ruhusa ya kuona hata kisigino cha kiatu.

Kando yangu alikuwa amesimama mteja mwingine, kijana wa watu, nadhifu. Akavuta pumzi, akashusha. Akavuta ya pili, akashusha. Akavuta ya tatu. Halafu akageuka, akaenda zake. Hakusonya wala hakununa. Ni kama mtu aliyekumbuka ameacha moto jikoni.

"Yule kaudhika?" nikamuuliza mzungusha gurudumu.

"Nani?"

"Mteja."

"Mteja gani?" akasema, na kweli, hakuwa ameinua macho.

Baadaye nilielezwa. Watoto wa Vizingitini hufundishwa na mama zao kabla hata ya kufundishwa kunawa: mlangoni pa mtu toa pumzi tatu. Ya kwanza ni ya heshima, ya pili ni ya matumaini, ya tatu ni sadaka. Ya nne ni yako mwenyewe, usimpe mtu. Na ukiondoka, usiseme kwa nini. Kumwambia mwenye duka kwamba mlango wake ni mzito ni sawa na kumwambia mtu kwamba mama yake hajui kupika. Kwa hiyo wateja huondoka na adabu zao, na wenye maduka hubaki na milango yao, na hakuna anayejua lolote.

Basi nilikuwa nimesimama pale na kandambili moja mkononi niliposikia mkwaruzo wa mwiko kwenye karai. Ng'ambo ya barabara, fundi mwashi alikuwa anakoroga udongo. Kando yake palikuwa na rundo la matofali, na mbele yake mlango uliochorwa chupa.

Nikavuka. "Fundi, shikamoo ni yangu au ni yako?" nikamwambia, maana alikuwa na mvi kama mimi.

"Tugawane," akasema. "Mimi naitwa Chande. Usisimame hapo, bibi, utarukiwa."

"Unajenga nini?"

"Naziba. Duka likikaa siku saba za soko bila mteja kuingia, mlango wake unazibwa. Hii ni ya saba. Kivuli cha mnara wa Baraza kikigusa kizingiti hiki, siku imekwisha na hukumu haifutwi tena."

Nikatazama. Kivuli cha mnara kilikuwa bado kimelala upande wa pili wa barabara, chembamba, kimetulia kama nyoka aliyeshiba.

"Na mwenye duka?"

Fundi Chande akaonyesha kwa mwiko yule mwanamume wa baiskeli. "Yule alikuwa anauza viatu vizuri sana. Duka lake lilipozibwa, wakampa gurudumu la kuzungusha kwenye milango ya wenzake. Hakuna kutoka humo mpaka kaburini."

Kidirisha cha mlango wa chupa kikafunguka. Akatokea mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kilemba kimelowa jasho, macho mekundu. Huyo ndiye Sihaba. Alikuwa anauza dawa ya kikohozi, ya asali na tangawizi na majani ambayo mama yake alimwonyesha yeye peke yake. Katika mtaa mzima waliobaki kuuza dawa ya kifua ni yeye tu. Wenzake wote walikwisha kuzibwa.

"Shikamoo bibi. Unakubali tu..."

"Marahaba. Nimekubali, mwanangu, nikumbuke mpaka uchoke. Niuzie chupa moja tumalize maneno."

Akatikisa kichwa. "Mgeni hahesabiwi. Hata ukinunua kumi, mbele ya Baraza ni kama hakuingia mtu."

"Basi wenyeji uwauzie hapa kidirishani."

"Kidirishani hatuuzi, bibi. Kidirishani tunauliza." Akanipa chupa moja niishike. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa nta ya nyuki, na harufu ya tangawizi ilipenya hata nta. "Wateja nawajua kwa visigino. Nikivuta kamba, nikivuta, nikivuta, mlango ukija kufunguka naona visigino vinaondoka. Yuko mmoja ana visigino vilivyopasuka, kaja mara tano. Namwonea huruma, na dawa ya miguu pia ninayo."

"Ondoa haya mapambo."

"Kupunguza pambo ni kuivunjia nchi heshima. Ni kosa kubwa kuliko kukosa wateja." Akainamisha uso. "Na kioo hiki sikuletewa, bibi. Niliomba mwenyewe. Wateja walipoanza kupungua nilidhani mlango haupendezi. Nikaweka kioo, wakapungua zaidi. Nikaweka ngoma."

Mimi nami nyumbani, mboga ikizidi chumvi, huongeza nyanya, halafu huongeza chumvi ya zile nyanya.

Wakati huohuo akaja mwanamume amebeba mtoto mgongoni, mtoto anakohoa kikohozi kile cha kubweka. Fundi Chande akaacha kukoroga. Mzungusha gurudumu akavusha baiskeli yake mbio, akaketi, akaanza kazi. Yule baba akavuta kamba, akakubali kukumbukwa, na Sihaba akatoweka kidirishani. Nikasikia nyayo zake zikikita sakafu, anavuta.

Pumzi ya kwanza. Kioo kikatokea. Yule baba akajiona na mtoto wake.

Pumzi ya pili. Ikatokea picha ya Sihaba akicheka, siku za zamani hizo.

"Subiri, baba," nikamwambia kwa sauti ndogo. "Kuna dawa ya kweli humu, nimeinusa."

Pumzi ya tatu. Mlango ulikuwa wazi upana wa mkono, bado ngoma, bado bendera. Harufu ya tangawizi ikatoka kwenye upenyo. Naye akaisikia, niliona shingo yake ikinyooka. Akasimama. Akaianza ya nne. Fundi Chande aliniambia baadaye kwamba tangu azaliwe hakuwahi kumwona mtu wa Vizingitini akiianza ya nne mlangoni pa mtu.

Mtoto akabweka tena.

"Samahani, bibi," yule baba akasema, kama ndiye aliyekosa. "Mtoto anakohoa." Akageuka, akashika njia ya korongoni karibu mbio.

Sihaba akatokea mlangoni, viganja vimechubuka, chupa mkononi. Akatazama kizingiti kitupu.

"Hata kisigino sikukiwahi," akasema.

Nilimfuata yule baba, kwa sababu mimi ni mbea, na kwa sababu kandambili nilikuwa bado sina. Nyuma ya mtaa kuna korongo, na juu ya korongo gogo moja linaloteleza, na kila siku ya soko nchi nzima hupita juu ya gogo hilo kwenda Ng'ambo. Ng'ambo hakuna mlango hata mmoja. Ni mikeka tu, imetandikwa chini, na vitu juu ya mikeka. Unaona sufuria kabla hujafika kwenye sufuria.

"Kandambili," nikasema.

"Hizi," mtu akasema. Nikavaa. Hata pumzi ya heshima sikuimaliza.

Yule baba alikuwa amekwisha kununua dawa. Chupa za Ng'ambo zinazibwa kwa kipande cha gunzi la mahindi. Nilionja moja. Ilikuwa maji ya sukari na pilipili manga kidogo, ya kukudanganya ulimi. Mtoto akanywa, akatulia hatua tano, akabweka.

"Dawa ya Sihaba inashinda hii mara mia," nikamwambia.

"Najua, bibi. Nimesikia harufu yake." Akamweka mtoto sawa mgongoni. "Lakini hii nimeipata."

Maneno hayo yalinishika, nikarudi nayo juu ya gogo kichwani kama mtungi, naogopa kumwaga.

Nilikuta Baraza la Milango limekaa wazi chini ya mnara. Wajumbe wa Baraza wanavaa kofia za kahawia zenye kishada, na kuna sheria moja juu ya kofia hizo: mjumbe akigundulika amenunua kitu Ng'ambo, hata sindano, anavuliwa kofia hadharani. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mnene, mtulivu, aitwaye Bi Kilindo. Hoja ya siku ilikuwa ileile ya mwaka mzima: wateja wamekwenda wapi?

Mjumbe mmoja akasema tatizo ni rangi. Kijani kinafukuza, kibluu kinaita. Wa pili akasema wananchi wamepungukiwa na uzalendo, na dawa ya uzalendo ni picha ya pili ya mwenye duka, kubwa kuliko ya kwanza. Wa tatu akapendekeza kasuku wa kusema "usiondoke". Ikakumbushwa kwamba mwaka jana waliweka mtu wa kusimama mlangoni na kuwauliza wanaoondoka, "Kwa nini unaondoka?" na kwamba mtu huyo, kwa kusimama palepale mlangoni, aliwazuia hata waliotaka kuingia. Ikaamuliwa aongezwe wa pili, wa kuwauliza hao.

Mzee mmoja nyuma kabisa akainua mkono. "Je, haiwezekani kwamba milango ni mizito?"

Wajumbe wote wakamgeukia kama amemtaja marehemu kwa madeni yake.

"Hilo si suala la maoni," Bi Kilindo akasema. "Hilo linapimwa. Bwana Mpima!"

Akasimama Bwana Mwinyikondo, mjumbe mwenye kofia kama wenzake, Mpima Pumzi Mkuu wa Vizingitini. Kifua chake kilikuwa kama pipa. Nikaambiwa ujana wake wote alikuwa mzamiaji wa kutafuta kome chini ya ziwa, na ndiyo sababu akachaguliwa, kwa kuwa hakuna anayejua pumzi kama yeye. Pumzi rasmi ya nchi nzima ni pumzi yake.

Wakaanza kufungua mlango wa mnara wa Baraza. Bwana Mpima akavuta pumzi. Kikapita kioo. Zikapita picha, moja ya kila mjumbe. Zikapita kengele, zikapita zumari, mpiga zumari mmoja akadondoka akapandishwa tena. Mimi pale pembeni nilikuwa nahesabu zangu kwa vidole. Mikono ikaisha, nikaingia miguuni, na kwa bahati nilikuwa na kandambili zisizoficha kitu. Nilipofika kidole cha kumi na tisa, mlango ukawa wazi. Bwana Mpima akashusha pumzi.

"Moja," akatangaza.

Wakampigia makofi. Yule mzee wa nyuma akateremsha mkono wake.

Nikaona jambo moja ambalo wengine hawakuliona, kwa sababu wao walikuwa wanapiga makofi. Bwana Mpima aligeukia ukuta, akakohoa ndani ya mkono wa kanzu, akatoa kichupa mfukoni, akanywa funda moja, akakirudisha. Kabla ya kukirudisha alikibana mdomoni kwa kipande cha gunzi.

Nikanyamaza. Siri ni kama yai, ukilishika kwa pupa unabaki na ute.

Kivuli kilipofika katikati ya barabara, Baraza zima likaenda mlangoni kwa Sihaba, na watu wakafuata, wengine wakiwa ndiyo kwanza wanarudi na vikapu vyao vya Ng'ambo wamevifunika kanga. Yule baba na mtoto wake walikuwamo. Fundi Chande alikuwa ameloweka matofali.

Bwana Mpima akasoma hati yake mwenyewe, yenye muhuri: "Mimi, Mpima Mkuu, nathibitisha kwamba siku saba za soko hakuna mteja hata mmoja aliyeingia duka hili."

"Una la kusema?" Bi Kilindo akamuuliza Sihaba.

Sihaba alisimama mbele ya mlango wake, mikono nyuma kuficha viganja. "Nina moja, mama. Dawa yangu ni nzuri. Wateja wanakuja, nawasikia. Mlango ndio hauwangojei. Niruhusuni nitoe kioo na ngoma, nilivyoviweka mwenyewe, kwa siku moja tu ya soko. Asipoingia mtu, nitakwenda kwenye gurudumu kwa miguu yangu."

"Mlango upimwe," akasema Bi Kilindo.

Ukapimwa. Wavuta kamba wa Baraza wakavuta, mlango ukalia, Bwana Mpima akatuna. Mtoto mgongoni kwa baba yake alikohoa mara nne. Mwanamke mmoja alifungua kikapu, akala ndizi, akatafuta pa kutupa ganda. Kivuli kikasogea upana wa wayo.

"Moja," Bwana Mpima akashusha. "Mlango hauna kosa. Basi kosa ni la dawa."

Sihaba alifumba macho. Hakulia.

"Fundi," akasema Bi Kilindo.

Fundi Chande akapaka udongo, akaweka tofali la kwanza, akaligonga kwa mpini wa mwiko. Akaweka la pili. La tatu. Alikuwa anafanya taratibu kuliko fundi anayelipwa kwa siku, lakini ukuta ni ukuta, hata ukijengwa kwa huruma. Mstari wa kwanza ukakamilika. Kivuli kilikuwa kimebakiza hatua mbili.

Nikajipenyeza mbele, nikajishika kifua, nikakohoa. Kukohoa najua, kumeniokoa na kulima mara nyingi.

"Mgeni hana kauli hapa," akasema mjumbe wa rangi.

"Sina kauli, baba, nina kifua. Ndiyo maana nimekuja kumtazama huyu." Nikamgeukia Bwana Mpima, nikamtazama kama ninavyotazama jogoo wa kuchinjwa sikukuu. "Bwana Mpima, tangu nizaliwe sijaona kifua kama hiki. Kwetu hakipo. Nikirudi nitaulizwa: kifua kama kile kinatunzwaje? Mkubwa wewe, unakunywa nini?"

Akacheka kidogo, akanyoosha kishada cha kofia yake. "Kifua ni kipaji, bibi. Lakini hukitunza. Nina dawa yangu."

"Isije ikawa ya kule kwenye mikeka," nikasema. "Maana ile niliionja, ni maji matupu."

Watu wakaguna. Macho ya wajumbe wote yakaenda kwenye kofia yake, na mkono wake nao ukaenda hukohuko.

"Ya Ng'ambo?" akasema kwa ukali. "Mimi? Mimi nimekula kiapo! Natumia dawa ya hapahapa Vizingitini."

"Ahsante, baba, nielekeze basi. Duka lipi?"

Hapo alisita. Maduka ya dawa ya kifua yalikuwa yamebaki mangapi, kila mtu alijua. Akatazama kushoto, matofali. Kulia, matofali. Akatazama mbele.

"Hapa," akasema.

"Kwa Sihaba?"

"Kwa Sihaba. Kila siku ya soko napita, nanunua chupa yangu, naondoka. Mlango wenyewe, kama mlivyoona, pumzi moja."

Fundi Chande alikuwa ameshika tofali la mstari wa pili. Likabaki hewani.

"Kila siku ya soko," nikasema. "Siku saba, basi, chupa saba. Na wewe si mgeni. Mwenyeji kabisa, tena mwenye kofia."

Ilichukua muda kuwaingia. Niliwaona inavyowaingia mmoja mmoja, kama mvua inavyoingia kwenye nyumba yenye bati bovu. Bi Kilindo akanyoosha mkono, akaichukua hati yenye muhuri, akaisoma tena midomo ikicheza.

"Bwana Mpima. Umeandika hapa kwamba hakuingia mteja hata mmoja."

"Ndiyo, Bi Mwenyekiti."

"Na wewe uliingia mara saba."

"Mimi..." Akalamba midomo. "Mimi si mteja. Mimi ni Mpima."

Kicheko kilitoka nyuma kabisa, kwa yule mzee aliyeuliza juu ya milango mizito. Kikasambaa.

"Mtu anayetoa fedha akapewa chupa anaitwaje?" Bi Kilindo akauliza, bado mtulivu. "Sihaba, mtu huyu umewahi kumwuzia?"

Sihaba akamtazama chini, taratibu, kwenye miguu. Bwana Mpima akarudisha mguu mmoja nyuma ya mwingine. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka kama tope la kiangazi.

"Kumwuzia, hapana, mama," Sihaba akasema. "Lakini namfahamu. Amekuja mara tano. Hajawahi kufika pumzi ya nne."

Hakuna aliyecheka sasa. Kivuli kilikuwa kimebakiza upana wa wayo kufika kwenye mstari wa matofali, na hakuna aliyekuwa anakitazama isipokuwa mimi na Fundi Chande.

"Anasema uongo!" Bwana Mpima akasema. "Mwanamke anaokoa duka lake! Nimenunua, na chupa ninayo, ninayo hapa hapa..." Mkono ukaingia mfukoni, ukakumbuka, ukabaki humohumo.

"Tuonyeshe," akasema Bi Kilindo.

Bwana Mpima akafanya alichokijua kuliko mambo yote duniani. Akavuta pumzi. Vizingitini ni mwiko kumsemesha Mpima akiwa ndani ya pumzi rasmi, na wote tukanyamaza kwa mazoea. Mashavu yakatuna, kifua kikapanda, macho yakatazama juu ya vichwa vyetu kuelekea mnarani, anangoja kivuli kimalize kazi yake. Nikaanza kuhesabu. Nilisikia na wenzangu wanahesabu, safari hii kwa sauti, kila mmoja kwa pumzi zake mwenyewe. Tatu. Nne. Watu wa Vizingitini walipita ya nne, wakafika ya kumi, hakuna aliyegeuka. Kumi na mbili. Bwana Mpima akawa mwekundu, akawa zambarau. Kumi na tano.

Kikohozi hakina kiapo. Kilianzia tumboni, kikapanda, kikambomoa. Akabweka kama yule mtoto, akainama, akabweka tena, na mkono ukafanya wenyewe ulivyozoea: ukatoka mfukoni na kichupa, ukakipeleka mdomoni, na meno yakang'oa kizibo.

Kipande cha gunzi kikabaki kimeng'atwa katikati ya meno yake, mbele ya nchi nzima. Yule baba aliyebeba mtoto akainua chupa yake iliyofanana na kichupa kile, kama mtu anayelinganisha ndala mbili.

"Fundi, weka mwiko chini," akasema Bi Kilindo.

Fundi Chande alikuwa amekwisha kuuweka. Alikuwa anaondoa matofali, moja moja, haraka kuliko alivyoyapanga.

Sihaba akaruka mstari uliobaki, chupa ya nta mkononi. Akaibandua nta kwa ukucha, akampa kwanza mtoto, kisha akamsogezea Bwana Mpima, aliyekuwa bado anakohoa na gunzi lake mdomoni.

"Pole, bwana," akamwambia. "Kunywa taratibu, halafu utuambie uliinunua wapi. Sisi tutangoja."